Boneti na fenda nimepuliza mwenyewe, zimetoka na machozi na vumbi: nisugue au nirudie?

Swali lenyewe nalifupisha. Msomaji kapuliza mwenyewe nyumbani boneti na fenda moja ya mbele, rangi nyeusi ya kawaida isiyo na chengachenga, juu kaweka koti mbili za klia ya hadna, yaani ile rangi ya juu inayoangaza kama kioo, inayochanganywa na dawa ya kuikaza (hadna). Leo ni siku ya nne. Kung'aa inang'aa, ila fenda imelia sehemu mbili (klia imechuruzika ikaganda, ndo hayo machozi), boneti ina punje za vumbi na mdudu mmoja kaganda katikati, na ukiangalia taa inavyojiakisi humo unaona mwanga umevunjikavunjika, ule uso wa ganda la chungwa. Ana msasa wa 800 na kopo la kompaundi (dawa ya kusugulia inayokula uso kidogo na kuung'arisha), mashine ya polishi ataazima. Anauliza aanze kusugua au afute apulize upya.

Ndugu yangu usipulize upya. Yote uliyoyataja yanatoka, na hata karakana zenye chumba cha kupulizia zinapata vumbi na zinasugua hivyohivyo, tofauti yao na wewe ni kwamba wao wanajua klia waliyoweka ni nene kiasi gani na wewe unakisia tu. Na hapo ndo habari yote ilipo, maana msasa na kompaundi haviongezi kitu chochote kwenye gari, kazi yao ni kupunguza tu, kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujalowesha msasa sio "nitaondoaje hii kasoro" bali "klia niliyonayo inatosha kuondoa kasoro ipi na ipi niiache".

Tuweke hesabu. Koti mbili za klia ya hadna zikikauka kwa kawaida zinakupa maikroni 40 hadi 60 hivi, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, yaani kila kitu unachotegemea hapo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Sasa angalia msasa: punje za P400 zina wastani wa maikroni 35, P800 ni karibu 22, P1000 ni 18, P1500 ni 12 na ushee, P2000 ni 10. Punje haizami yote lakini mkwaruzo inaouacha lazima uje uufute kwa namba inayofuata, na kuufuta maana yake ni kushusha uso wote mpaka ufike chini ya huo mkwaruzo. Ndo maana nasema 800 weka pembeni. Ukianza nayo kwenye klia ya koti mbili nusu ya kazi yako itakuwa kufuta alama zake mwenyewe, wakati ganda la chungwa la kawaida P1500 inalimaliza vizuri tu, na kama ni jepesi hata P2000 inatosha.

Afu geuza huo msasa uangalie nyuma, kuna herufi P kabla ya namba au hakuna? Hii watu wengi hawaijui. Namba yenye P na namba isiyo na P ni vipimo viwili tofauti, 800 ya kipimo cha Kimarekani isiyo na P ni laini karibu sawa na P1500. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana 800 inafaa au haifai na wote wakawa sahihi. Ila kama yako imeandikwa P800 usiitupe, huenda ukaihitaji, nitakwambia baadae.

Siku nne. Klia ya hadna kwenye hali ya hewa ya joto la nyuzi 20 na zaidi mara nyingi inasuguika baada ya saa 24 hivi, soma karatasi ya klia yako maana kila moja ina muda wake, kwa hiyo boneti yako iko tayari. Na usije ukakaa miezi mitatu ukisema iive vizuri kwanza, ikishakomaa kabisa inakuwa ngumu na utasugua mpaka mabega yakukane, wiki ya kwanza na ya pili ndo muda mzuri. Lakini machozi ni habari nyingine. Pale klia imejikusanya, ni nene mara mbili tatu ya penginepo, juu imekauka ndani thina bado imefungiwa. Bonyeza kwa kucha pale kwenye chozi, pole pole, kama kucha inaacha alama achana nalo wiki nyingine hata kama boneti umeshaimaliza. Ukilisawazisha likiwa laini ndani utaona kazi safi leo, baada ya wiki chache thina inapotoka pale panazama na unabaki na kivuli cha chozi lilelile, safari hii kwa kwenda chini.

(Anayesoma hapa kapuliza kwa kopo la spreyi la kawaida lisilo na hadna: haya mengi hayakuhusu moja kwa moja. Paka thina kidogo kwenye kitambaa ufute sehemu iliyojificha, rangi ikitoka kwenye kitambaa ujue haina hadna, ni nyembamba, laini, na inataka kusubiriwa zaidi, na usiiguse na chochote cha chini ya P2000.)

Kabla ya kusugua jua kasoro gani haitoki kwa msasa, usije ukahangaika bure. Vile vidimbwi vya duara ambavyo rangi imekimbia, vinavyoletwa na mafuta au silikoni iliyokuwa kwenye bodi, vimeenda chini mpaka kwenye rangi, ukisugua mpaka uvifikie utakuwa umemaliza klia yote pembeni. Vitundu vidogovidogo kama vya sindano vilivyotokea kwa sababu koti ya pili iliwekwa ya kwanza haijapumua, hivyo ndo kabisa, ukisugua juu unafungua vingine vilivyokuwa vimefunikwa. Na kama chozi liko kwenye rangi yenyewe chini ya klia, basi juu utapasawazisha lakini ule uvimbe utakufanya utoboe klia pale pale ulipovimba. Hivyo vyote ni vya kupuliza upya. Mdudu yeye inategemea kaganda wapi, akiwa kwenye koti ya juu anatoka na miguu yake, akiwa kwenye rangi nyeusi utabaki na kialama, na kwa nyeusi hicho kialama sio tatizo kubwa kabisa, kiache.

Haya tuanze na machozi kwa sababu yanatengenezwa peke yake kabla hujagusa paneli nzima, yaani boneti yote au fenda yote. Kosa la watu ni kuchukua msasa kwa vidole na kusugua juu ya chozi. Vidole vina mfupa na vina nyama, vinashuka pembeni ya chozi kwenye klia nyembamba na kuila haraka kuliko chozi lenyewe, mwisho chozi bado lipo na pande zote mbili umeshafika kwenye nyeusi. Unataka kitu kigumu kilichonyooka ambacho kinagusa kilele tu. Mimi naanza na wembe. Chukua wembe mpya wa bapa, ule mgumu wa kukwangulia vioo, zungushia kipande cha masking tepu ncha zote mbili ukiacha wazi katikati sehemu pana kidogo kuliko chozi lako, halafu usimamishe karibu wima na uvute kuelekea kwako, unakwangua, hukati. Tepu inakaa kwenye klia nzima na kuubeba wembe juu kidogo, kwa hiyo makali hayafikii chochote isipokuwa kile kilichojitokeza. Ukiwa umepatia utaona unga mweupe mkavu unatoka kwenye makali, unga mwembamba, sio vipande. Ukiona linatoka kama utepe laini unaojikunja, acha, bado halijakauka ndani. Vuta kidogo, futa, pitisha kidole, vuta tena, na wembe usiulaze pembe moja hata mara moja maana pembe ikizama pale umechora mstari ambao hautoki.

Ukifika mahali wembe haushiki tena chozi linabaki unene wa tepu tu, sasa ndo unahamia kwenye msasa, P1500 uliozungushiwa kipande kidogo cha mbao ngumu iliyonyooka au raba ngumu, saizi ya chozi lenyewe, isiwe kubwa. Kuna mbinu ya kupaka puti laini ya juujuu kwa wembamba kuzunguka chozi lote, ikauke, ndo usugue, ile puti inajaza bonde la pembeni na kulinda klia mpaka chozi liwe sawa nayo, na ni mbinu nzuri kwa chozi refu linaloning'inia. Kwa machozi mawili mafupi kama yako naona ni usumbufu. Kwa punje za vumbi na huyo mdudu tumia hichohicho kibao kidogo, misuguo michache kila punje, ukisikia kwa kidole imelala basi, nenda nyingine. Na hapa nasema kitu ambacho wengi hawapendi kusikia: kama ungekuwa huna ganda la chungwa ningekwambia uishie hapa, ondoa punje, polishi hizo sehemu tu, gari itoke. Watu wengi wanasugua paneli nzima kwa sababu wameona kwenye video inavyopendeza, na paneli ilikuwa haihitaji.

Yako inahitaji, sawa, twende. Osha gari lote, sio boneti tu, maana mchanga ulioko kwenye wipa na pembeni ya taa utashuka na maji mpaka chini ya msasa wako. Ondoa gari kwenye jua uliweke kivulini, bodi iwe ya baridi. Misasa iloweke kwenye maji safi robo saa, weka tone la sabuni ya vyombo iteleze, na uwe na ndoo mbili, moja ya kuloweshea na moja ya kusuuzia, punje moja ya mchanga ikiingia inachora mkwaruzo ambao P1500 haiufuti. Kingo zote, ule mstari wa kukunja wa boneti, pembe za fenda, ukingo wa tairi, bandika masking tepu upana wa nusu sentimita. Hii usiruke. Klia ikiwa bado maji inavutwa kutoka kwenye kona kali, kwa hiyo penye kona ndo palipo na klia ndogo kuliko pote, na ndo penye mgandamizo mkubwa ukisugua. Karibu kila klia iliyotobolewa na mtu wa nyumbani imetobolewa kwenye ukingo, katikati ya boneti ni nadra.

Msasa uzungushie kwenye bloku laini ya sponji ngumu, sio kibao kile cha chozi, boneti imejipinda na kibao kinasugua kilele tu. Mkono usikandamize, uzito wa mkono unatosha. Sugua kwa mistari iliyonyooka, upande mmoja, tuseme mbele kwenda nyuma, eneo la kama sentimita 40 kwa 40, maji yakiwa mengi. Misuguo kumi kumi na tano halafu kamua maji kwa mpira wa kufutia vioo na uangalie. Hapa ndo penyewe, usipaharakishe. Ukikamua maji uso unakauka papo hapo na utaona sehemu zilizosuguliwa zimekuwa kijivu zisizong'aa, na katikati yake nukta nukta zinazong'aa bado. Hizo nukta ni mabonde ya ganda la chungwa ambayo msasa haujayafikia. Zikiwa nyingi endelea, zikipungua pole pole, na zikibaki chache chache zimetawanyika, acha hapo hapo. Usizifukuze mpaka ya mwisho. Namba inayofuata itazipunguza, kompaundi itazing'arisha, na jicho halitaziona, wakati wewe ukizifukuza zote unashusha boneti nzima kwa ajili ya nukta tano.

Jicho lingine liweke kwenye maji. Tope linalotoka liwe jeupe kama maziwa, hiyo ni klia. Likianza kuwa jeusi umefika kwenye rangi, simama. Kwa bahati mbaya kwa nyeusi kutoboka hakuonekani vizuri kwenye uso wenyewe, kunaonekana kama kiwingu chenye mstari wa duara kuzunguka, kwa hiyo kitambaa cheupe cha kufutia ndo shahidi wako. (Wenye rangi ya koti moja isiyo na klia kabisa msishtuke, kwenu tope lazima liwe la rangi tangu mwanzo, na hamna dalili yoyote hapo, mnapima kwa kujizuia tu.)

Na ukitoboa? Usipake kwa brashi na usipulizie kidoa pale katikati, mpaka wa klia mpya katikati ya boneti unaonekana milele. Hapo ndo ile P800 yako inapata kazi: sugua paneli nzima kwa maji mpaka isiwe na mng'ao popote, safisha mafuta, kama umefika kwenye praima (rangi ya msingi iliyo chini ya nyeusi) rudishia nyeusi kidogo pale, halafu klia paneli nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Na usisahau barakoa ya kweli ya kupulizia, hadna nyingi za klia zina isosayaneti, kemikali ya sumu, mapafu hayaisahau, kitambaa cha uso hakizuii kitu.

Baada ya P1500 nenda P2000, safari hii kwa kukatisha, kushoto kwenda kulia, ili uone mistari ya zamani imekwisha au bado. Kisha P3000 kwa kukatisha tena, hii ikiwa ya sponji ndo nzuri zaidi inafuata umbo. P3000 haipunguzi kitu cha maana, inachofanya ni kukupunguzia kazi ya kompaundi, na kwa mtu anayeazima mashine ni afadhali utumie nusu saa zaidi kwenye P3000 kuliko kuunguza rangi ukihangaikia mikwaruzo ya 1500 kwa mashine. Toa tepu mwishoni, na zile kingo zipitishie P3000 kwa mkono mara mbili tatu, basi, ganda la chungwa la nusu sentimita pembeni hakuna atakayeliona.

Mashine: uliza unayoazima ni ipi. Kama ni ile inayozunguka tu bila kutikisika, inakata haraka na inaunguza haraka, weka mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika usipite. Kama ni ile inayozunguka huku ikitikisika, itachukua muda zaidi ila ni ngumu sana kuharibu nayo, na kwa mara ya kwanza ningependa upate hii. Padi ya manyoya au sponji ngumu kwa kompaundi, sponji laini kwa polishi ya kumalizia, na padi moja kwa dawa moja, usichanganye. Matone manne ya kompaundi saizi ya punje za maharage madogo yanatosha eneo la sentimita 50 kwa 50, sambaza mashine ikiwa imezimwa, iwashe ikiwa imeshagusa bodi, itembeze pole pole kwa mistari inayopandana, padi ilale bapa. Waya wa umeme upitishe juu ya bega usikwaruze fenda, na ndoo za maji uwe umeshaziondoa. Kila baada ya muda weka nyuma ya mkono kwenye bodi, uvuguvugu sawa, ikikuchoma hamia kwingine. Kwenye ukingo padi izunguke kutoka ndani ya paneli kwenda nje, ikizunguka kutoka nje kuingia ndani inaubandua ukingo wako mara moja.

Ukiona uso umeng'aa usiamini bado. Kompaundi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo, futa kwa maikrofaiba safi, kisha futa tena kwa spiriti uliyozimua na maji, ndo upige tochi kwa ulalo gizani au utoe gari juani. Kwa nyeusi utaona moja ya vitu viwili. Mistari iliyonyooka ni ya msasa, maana yake kompaundi haijamaliza, rudia pale, na kama mara ya pili haitoki rudi na P3000 kwa mkono kuliko kukandamiza mashine. Ukungu wa miduara ni wa kompaundi na padi, huo polishi ya kumalizia na sponji laini inauondoa. Nyeusi haikusamehe hapa, rangi ya fedha ingekufichia.

Ule unga mweupe wa kompaundi ulioingia kwenye mianya ya boneti na kuzunguka taa utoe siku hiyohiyo kwa brashi laini na maji, ukigandia ni kazi. Nta na silanti (dawa za kulinda rangi) subiri kwanza, siku 30 hadi 60 kutegemea klia yako inavyoelekeza, thina inabidi iendelee kutoka, na kama katika hizo wiki utaona chozi la fenda limerudi kama kivuli kidogo usiguse mpaka muda huo uishe, ndo ulipige P2000 na kibao chake mara moja tena, hapo halina pa kwenda.